Kichwa cha Huku, Mkia wa Kule

Watu wengi hudhani majini hungoja giza. Hayo ni maneno ya kuwatishia watoto wasitoke nje. Lile lililoingia nyumbani kwa Fundi lilikuja mchana mweupe, cherehani ikinguruma na chai ikipoa mezani, na halikuvunja mlango wala kuzima taa. Liliitwa, likaitika.

Fundi alikuwa chumba cha mbele, ambacho ndicho kilichokuwa karakana yake, akishona ukosi wa shati la sare. Chumba cha nyuma, kilichotengwa kwa pazia tu, alikuwa amemlaza mwanawe, kichanga wa kike ambaye hata shingo ilikuwa haijakaza. Wazazi wapya wana tabia ya kuzungumza na watoto wao kama wanavyozungumza na majirani, na Fundi naye alikuwa hivyo hivyo. Bila kuinua macho kwenye mshono akapaza sauti: "We Fulani, umeamka?"

"Abee," ikajibu sauti nyuma ya pazia.

Mguu wake ukaendelea kukanyaga. Ukosi ukapita wote, sindano ikatoka nje ya kitambaa ikawa inashona hewa, ndipo Fundi alipong'amua kwamba mtoto asiye na jino hata moja amemwitikia.

Kabla sijaendelea, tuelewane. Hilo Fulani si jina lake. Jina lenyewe ni zuri, tamu mdomoni, na silitaji. Kila litakapofika mahali pake nitaweka Fulani, nawe usijaribu kulibahatisha, maana mtu akishabahatisha hutaka kulisikia linavyolia.

Fundi alisogeza pazia. Mtoto alikuwa amelala chali, mdomo umefumbwa, ngumi mbili pembeni ya masikio. Hakukuwa na mtu mwingine. Kulikuwa na harufu tu, ile ya nyumba iliyofungwa muda mrefu ikafunguliwa siku hiyo: vumbi, mbao, na ubaridi usio na sababu. Akafungua dirisha, harufu ikaisha. Akajiambia kwamba usingizi wa kuruka ruka humfanya mtu asikie hata mchwa wakipiga soga. Akarudi kufumua ukosi.

Jina hilo lilizaliwa kwenye ugomvi. Mtoto akiwa bado tumboni, bibi zake wawili walikuwa wameshamgawana. Mama mkwe alisema mjukuu wa kwanza ni wa upande wa baba, kwa hiyo atachukua jina lake yeye, na hilo halina mjadala. Mama mzazi wa Fundi, mwanamke mpole mwenye ulimi wa wembe, alisema yeye hana ubishi na mtu, ila hajawahi kuona jogoo akitaga. Wakawa paka na panya. Kila mmoja alikuja na vinguo vyake, na kila mmoja aliliita tumbo kwa jina lake mwenyewe, mpaka Fundi akaanza kuona aibu kwa niaba ya tumbo.

Aliyeumaliza ni mumewe. Alikuwa mchora vibao vya maduka, na mtaani walimwita Brashi. Katika kazi yake alizoea wateja wawili wawili: mtu na mdogo wake, mume na mke, marafiki waliochanga mtaji, kila mmoja anataka jina lake juu ya mlango na kibao ni kimoja. Brashi alikuwa na dawa yao. Alichukua kichwa cha jina la huyu na mkia wa jina la yule, akaviunganisha, na wenye duka wakaondoka wanachekelea. "Jina ni suruali," alipenda kusema. "Kata, unga, piga pasi, hakuna atakayeona kiraka."

Basi jioni moja akachukua chaki ya mke wake, akaandika majina ya wale akina mama wawili juu ya meza ya kukatia nguo. Akafuta mkia wa la mama yake. Akafuta kichwa cha la mama wa mkewe. Kilichobaki mezani kilikuwa kizuri hata Fundi akakirudia kimya kimya kama anayeonja chumvi ya mchuzi.

"Kuna mtu amewahi kuitwa hivi?" akauliza.

"Hakuna," Brashi akasema kwa fahari. "Mwanetu ndiye wa kwanza duniani."

Bibi wote wawili wakaridhika, kila mmoja kwa sababu yake. Mmoja alisema kichwa ndicho kinachoongoza. Mwingine alisema mkia ndio unaobaki masikioni. Na Fundi naye, kama akina mama wote, akapoteza jina lake siku hiyo hiyo. Wateja, majirani, mwenye duka la vifungo, wote wakaanza kumwita Mama Fulani, naye akalipenda. Alikuwa akiitika kabla hawajamaliza.

Alipomweleza Brashi habari ya ile sauti, Brashi alicheka. "Ana akili za upande wangu. Sisi tunaanza kusema mapema."

"Sitanii, mume wangu."

"Na mimi sitanii. Tazama." Alikuwa amesimama mlangoni, brashi yenye rangi nyekundu mkononi. Akageukia pazia, akaita kwa sauti ya mzaha, akilivuta jina: "Fulaaani."

"Abee."

Kicheko kilibaki mdomoni mwake kikiwa hakina kazi. Akaifuta brashi kwenye suruali, suruali yake nzuri, akaifuta tena na tena. Halafu akasema kwa kunong'ona kwamba wasimwambie mtu, na kwamba wakikaa kimya litachoka lenyewe.

Kukaa kimya kulikuwa rahisi kusema. Lakini utamwogeshaje mtoto bila kumtaja, utambembelezaje? Jina liliwaponyoka kila mara, na kila lilipoponyoka liliitikiwa, na kila lilipoitikiwa ile sauti ilikuwa imekua kidogo. Mwanzoni ilikuwa "abee" ya mtoto anayejifunza. Baadaye ikawa "abee, mama." Siku moja Fundi alikuwa amepiga magoti akiokota vifungo vilivyomwagika, jirani akapita dirishani akasalimu, "Mama Fulani, hujambo?" Fundi akaitika kama kawaida yake, na nyuma ya pazia ile sauti ikasema, "Nakuja."

Akasikia miguu. Miguu midogo, mitupu, juu ya sakafu ya saruji, ikija taratibu kama ya mtoto anayeshika ukuta, na alikuwa bado amepiga magoti, kifungo kimoja kati ya vidole, akihesabu moyoni vitu vilivyomo chumba kile, kitanda, beseni, kabati, mtoto wake asiyejua hata kugeuka, na miguu ikaja mpaka nyuma ya pazia ikasimama hapo, na pazia likajikunja kidogo chini, mahali ambapo mkono wa mtoto ungelishika. Halikufunguka. Ile harufu ya nyumba iliyofungwa ikapita chini yake ikamfikia usoni. Kisha pazia likaachiwa.

Kwa upande wa mtoto mwenyewe mambo yalikwenda kinyume. Aliacha kulia. Mwanzoni walimsifu, wakasema wamebahatika. Baadaye sifa zikawakauka. Alinyonya kwa bidii, halafu akalala, na kila alipoamka mikono yake ilikuwa imepungua. Ukipiga makofi aligeuka. Ukigonga sufuria aligeuka. Ukimwita jina lake hakupepesa hata jicho, kama mtu anayesikia wenzake wakizungumza habari zisizomhusu.

Fundi akampeleka kliniki ya watoto. Ukumbi ulijaa akina mama kwenye mabenchi, watoto wamevuliwa nguo tayari kwa mizani. Nesi akachukua kadi juu ya rundo, akaisoma kwa sauti: "Fulani."

"Abee."

Ilitoka katikati ya mabenchi, safi, ya mtoto mwenye adabu. Akina mama wakacheka wakageuza shingo. "Huyo ameshakuwa mkubwa, anapimwa nini?" mmoja akauliza. Nesi naye akatabasamu, akatazama juu ya miwani akimtafuta, na hakuna mtoto aliyesimama. Fundi akainuka na kichanga chake. Alihisi kifua chake kinalowa. Maziwa yalikuwa yanamtoka yenyewe, yanapenya kwenye gauni, na mwanawe alikuwa amelala wala hakuwa ameomba.

Nesi alitazama mizani, akatazama kadi, akaupima uzito tena. "Umeshuka. Ananyonya?"

"Sana."

"Anatapika? Anaharisha?"

"Hapana."

"Basi maziwa yanakwenda wapi, mama?"

Wakampima damu, wakampima kila kinachopimika, wakasema hana ugonjwa, arudishwe baada ya muda mfupi. Fundi alirudi nyumbani amembana mtoto kifuani, na hofu aliyokuwa nayo sasa ilikuwa mpya. Hadi siku ile alifikiri nyumba yao ina kitu. Alikuwa ameshaanza kuulizia chumba mtaa mwingine. Sasa alijua kwamba wangehamia hata mwisho wa dunia, kitu hicho kingefika nao, kwa sababu hakikuwa kinakaa nyumbani. Kilikuwa kinakaa kwenye jina.

Mwenye duka la vifungo ndiye aliyemwelekeza kwa Bi Chafya. Huyu alikuwa mganga wa kike, mnene, mwenye magoti mabovu na haraka nyingi, na jina hilo alilipata kwa sababu pua yake haikuweza kuvumilia hewa iliyopitiwa na jini. Walichokiita wengine kipaji yeye alikiita mateso. Alifika mchana, akavuka kizingiti, akapiga chafya mpaka mtandio ukamdondoka.

"Nipeni kiti chenye mgongo," akasema. "Na mtu asitaje jina la mtoto. Niandikieni."

Brashi akaliandika kwa chaki mezani. Bi Chafya akalisoma, akalifuta kwa kiganja.

"Ni la nani hili?"

"La mwanetu," Brashi akasema.

"Kabla yake."

"Hakuna, Bi. Ni jipya. Nimeliunga mwenyewe, kichwa cha huku, mkia wa kule."

Bi Chafya akamtazama kama anavyotazamwa fundi umeme aliyeacha waya wazi. "Mwanangu, jina si kibao. Kila jina ulilowahi kulisikia lina watu ndani yake. Kuna waliokufa nalo, kuna wanaoishi nalo. Mtoto akipewa anakuta wenyeji, wanamsogezea mahali anakaa. Nyinyi mmejenga nyumba tupu, mkaacha mlango wazi, mkaanza kupiga hodi kutwa nzima. Na nyumba tupu haikosi mpangaji."

"Lakini ina mwenyewe," Brashi akasema. "Mtoto si huyu hapa?"

"Amewahi kuitika?"

Brashi akamtazama mtoto.

"Hana mdomo wa kuitikia. Mwingine anao, akaitika. Jina ni la anayeitika, baba. Hakuvunja, hakuiba." Akapiga chafya tena, akamgeukia Fundi, na sauti yake ikapungua ukali. "Na wewe, mwanangu. Wakikuita Mama Fulani, unafanyaje?"

"Naitika," Fundi akasema.

"Basi u mama yake. Kila ukiitika unamzaa upya. Anakuja kula kwa mama yake, na huyu uliyembeba anaonekana mgeni aliyekaa kwenye sahani ya mtu."

Fundi alihisi aibu kuliko hofu. Akakumbuka mara zote alizoitika huku anatabasamu, dirishani, sokoni, kwenye foleni ya maji. "Nitampoteza?" akauliza.

"Ukiendelea, ndiyo. Matiti ni ya mama mmoja, na yule ana mdomo wa kuomba. Sikiliza. Mtoto apewe jina lenye mwenyewe aliye hai, akubali kwa kinywa chake. Awe anamwitikia mpaka mtoto ajue kusema. Na yule mwingine umkane. Wewe, si mimi. Mimi siwezi kumkana mtoto wa mtu."

Bibi wote wawili wakaitwa. Walikuja wamevimba kila mmoja kwa njia yake, maana waliambiwa tu kwamba kuna shauri la jina, na wote wakafika na hoja mpya. Mama mkwe ndiye aliyetangulia kumpokea mtoto. Akamfunua shuka. Akautazama ule mkono, ngozi imelegea kama soksi ya mkubwa kwa mdogo, akamfunika tena polepole.

"Mpeni la mwenzangu," akasema.

Mama mzazi wa Fundi alikuwa amekuja na majibu ya kutosha wiki nzima. Wembe ukakosa pa kukata. "La, dada," akasema, na hakuwa amemwita dada tangu harusi. "Mpeni la kwako. Wewe ndiye mkubwa."

"Langu nitazikwa nalo, halikosi pa kukaa. Mpeni lako, nami nitamwita hivyo."

"Mimi nasema la kwako."

"Mkianza tena nachukua mtandio wangu," Bi Chafya akasema, na wakanyamaza. Mtoto akapewa jina la bibi mzaa mama. Kwa kuwa hakuna mtu wa kumwita bibi na mjukuu kwa jina moja bila kuchanganyikiwa, mtoto akawa Kibibi, na ndivyo anavyoitwa mpaka leo.

Wakangoja alasiri ile ile, saa ambayo jua huingia moja kwa moja mlangoni. Bibi mzaa mama aliketi nje na mtoto mapajani, mama mkwe pembeni yake, na kazi yao ilikuwa moja: mama mkwe anaita "Kibibi," mwenye jina anaitika "abee" sikioni mwa mtoto, bila kuacha, hata wasikie nini ndani. Ndani alibaki Fundi kwenye kigoda cha cherehani, uso kwenye pazia, na Brashi nyuma yake, na Bi Chafya kwenye kiti chake, kitambaa puani.

"Aliyeliunga aliite mara ya mwisho," Bi Chafya akamnong'oneza Brashi. "Na wewe mama, usiangalie chini. Lolote atakalouliza, usijibu. Una maneno yako, sema hayo tu."

Brashi akaita. Sauti ilimkatika katikati, pale pale alipokuwa ameunga kichwa na mkia.

"Abee, mama. Nakuja."

Miguu ikaanza. Safari hii haikushika ukuta. Ilikimbia, kama mtoto aliyesikia mama amerudi kutoka kazini na ana kitu mfukoni, na harufu ikaja mbele yake, vumbi na mbao na ubaridi, ikajaa chumba mpaka vitambaa vilivyoning'inia vikawa kama vimetoka kaburini, na pazia likavutwa chini likakunjika, na nyuma yake Fundi akaona, pale chini ambapo pazia halifiki sakafuni, kwamba jua lililoingia mlangoni lilipita moja kwa moja mpaka ukuta wa nyuma bila kuzuiwa na miguu yoyote, na hata hivyo vidole vilikuwa vinagonga saruji kwa furaha, na kifua chake kikajaa, kikauma, maziwa yakaanza kumtoka kwa ajili ya kitu kisicho na miguu.

"Mama," ikasema. "Nimekuja."

"Sema," Bi Chafya akanong'ona.

"Sina mtoto wa jina hilo," Fundi akasema.

Vidole vikaacha kugonga.

"Umeniita."

"Sina mtoto wa jina hilo."

"Umeniita wewe. Kila siku umeniita." Haikuwa sauti ya kutisha. Fundi angefurahi kama ingekuwa ya kutisha. Ilikuwa ya mtoto anayejaribu kukumbuka amevunja nini. "Nimekosa nini, mama?"

Brashi alimshika bega. Nje bibi mmoja aliita, bibi mwingine akaitika, tena na tena. Fundi alifikiria mkono ule uliolegea, akaufikiria huo tu, kwa nguvu, kama mtu anayeshika kamba.

"Mimi si mama yako," akasema. "Sikukuzaa. Ondoka."

Pazia likajinyoosha taratibu. Walipodhani yamekwisha, sauti ikauliza kutoka mbali kidogo, kama iliyokwisha kugeuka na kukumbuka jambo: "Mama yangu nani?"

Fundi alifungua mdomo. Bi Chafya akatikisa kichwa kwa ukali, na hakuna aliyejibu.

Harufu ikaondoka jinsi moshi unavyoondoka ukifungua milango yote miwili. Bi Chafya alivuta pumzi kwa pua, akaivuta tena, akatoa kitambaa. Na huko nje Kibibi akaanza kulia, kilio kikubwa chenye hasira cha mtoto mwenye njaa, ambacho nyumba ile ilikuwa haijakisikia kwa muda mrefu hata mama mkwe akalia naye. Fundi alimnyonyesha pale pale kizingitini. Alipomwita kwa jina jipya, mtoto aliacha ziwa kidogo, akageuza macho, akamtazama.

Kabla ya kuondoka Bi Chafya alimvuta Fundi pembeni. "Limekwenda, lakini limekwenda na jina. Hilo si lenu tena. Usilitamke. Na usije ukamwambia mtu kwamba lilikuwa la mwanao, hata kwa kusimulia, hata kwa kumsaidia. Siku utakayosema hivyo umeshaitika, na yeye anakujua wewe kuliko mwingine yeyote."

Ilichukua muda kuwazoesha watu. Wateja walimwita Mama Fulani, yeye akaendelea kushona kama kiziwi. Mmoja alichukia akaenda kwa fundi mwingine na kitambaa chake. Brashi aliacha kuunga majina. Wenye duka wawili wakija, aliwaandikia majina yote mawili kwa herufi nyembamba, hata kibao kikawa kama orodha ya wagonjwa. Bibi mzaa mama alihamia kwao, akawa anamwitikia mjukuu wake kutwa, na mama mkwe alikuja kumsaidia akidai anapita tu. Kibibi akanenepa. Mikunjo ikarudi mapajani, akakaa, akatambaa, akaanza kula uzi na chaki na kila kilichoanguka chini ya cherehani. Fundi alirudi kuimba kazini. Alikuwa na furaha, na alijua bei yake, na hakutaka kuulizwa.

Siku moja alikuja mteja kijana, mimba yake imefika mahali ambapo mtu hutembea ameshika kiuno. Alitaka gauni pana lenye pindo la kutoa baadaye. Fundi alimsimamisha katikati ya chumba, akapiga magoti miguuni pake, pini zimejaa mdomoni, akawa anazunguka pindo akizichomeka moja moja. Kibibi alikuwa pembeni anapigana na kipande cha utepe.

"Mama Kibibi, nimeshapata jina," mteja akasema. Alikuwa wa wale wanaofurahi kwa sauti. "Mume wangu ana orodha ndefu, ukoo mzima. Mimi nimemwambia nataka ambalo halina mtu."

Fundi akaguna kupitia pini.

"Nimelipata hapo mlangoni kwako, sasa hivi. Kuna katoto kamekaa kwenye ngazi, kasichana kapole, hakana hata viatu. Nikakauliza, unaitwa nani? Kakasema Fulani." Alilitamka lote, kichwa na mkia. "Si zuri? Nikakauliza, na mama yako nani? Hakakujibu. Kakanitazama tumbo, kakaniuliza, na wewe unaitwa mama nani?" Akacheka, akajishika kiuno. "Nikakaambia, bado siitwi. Labda nitaitwa mama yako wewe. Kalivyofurahi, jamani."

Fundi alikuwa amesimamisha mkono. Kutoka pale chini aliiona ngazi ya mlango, na jua juu yake, na hapakuwa na mtu. Maziwa yalikuwa yameshamkauka, na kifua chake kilikuwa kinauma.

Angeweza kuzitoa pini. Ni kazi ya kufungua kiganja na kutema. Kisha angesema sentensi moja tu, kwamba usimpe hilo, lilikuwa la mwanangu. Aliipanga sentensi yote kichwani, neno kwa neno. Kibibi akatambaa, akaja akajiegemeza mgongoni kwake kwa uzito wake wote.

"Mbona kimya?" mteja akauliza. "Unalionaje?"

Fundi akaitikia kwa kichwa kwamba ni zuri, akachukua pini nyingine mdomoni, akaichomeka kwenye pindo.